Pahali petu katika kilio cha Papa Kocha

Wakubwa wa chama chetu walituomba ukurasa juu ya mila ya kilio katika miji ya mgodi. Kwanza tulifikiri kueleza namna Wasanga wanavyolia wafu wao, namna Walunda, Wakaonde, Waluba na Wachokwe wanavyolia. Lakini wazee wanaojua mambo hayo wangali hai, na wanayasema vizuri kutupita. Sisi tutasimulia kilio kimoja tu, kile cha mzee aliyetufundisha mpira hapa Kolwezi tulipokuwa watoto. Alikufa mwezi wa saba mwaka 2018, wakati wa baridi. Mila inajua pahali pa kumkalisha kila mtu anayefika kwenye kilio. Sisi tulifika, na pahali petu hapakuwapo.

Jina lake hatutaliandika, kwani familia haipendi jina la marehemu lizungushwe mu vitabu. Watu wote wa kamp walimwita Papa Kocha, na bibi yake wakamwita Mama Kocha, hata kanisani, hata ku kazi. Kabila yake nayo tunaiacha. Yeye mwenyewe, mtu akimwuliza kabila, alijibu: "Miye ni mutu wa atelye." Na kweli alikuwa fundi wa atelye, mrekebishaji wa mashine kwa Gécamines, na alikuja kiwanjani na salopeti yake ya bluu, mikono ingali inanuka mafuta.

Wasomaji vijana wanaoijua Kolwezi ya leo, na malori ya kobalti na makampuni ya kigeni kila upande, labda hawawezi kuiona ile Kolwezi nyingine. Mji huu ulizaliwa mwaka 1937 juu ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1967 Serikali ikaichukua kampuni ile, na kiisha ikawa hii tunayoiita Gécamines. Kamp ilikuwa na nyumba zake, masomo yake, hospitali yake, na posho, maana yake unga ambao mfanyakazi alipewa kufuatana na watoto aliokuwa nao nyumbani. Na wafanyakazi walitoka pande zote. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilikwenda kuandika watu Kasai, Maniema, mpaka Rwanda. Ndiyo sababu kwenye bomba moja la maji ulisikia lugha sita, na Kiswahili ndicho kilichowapatanisha akina mama juu ya zamu ya ndoo. Hiki Kiswahili chetu ambacho watu wa Zanzibar wakikisikia wanatucheka kidogo. Wacha wacheke.

Ekipe ya watoto Papa Kocha aliianza mwaka 1979. Mwaka mmoja mbele, tarehe 13 mwezi wa tano 1978, vita iliingia mjini kutoka Angola, na siku sita nyuma yake maparashuti ya Wafaransa yakashuka. Walipokwisha kwenda wote, watoto wa kamp walibaki na mchezo mmoja: kuokota maganda ya risasi, na mara nyingine risasi nzima. Papa Kocha alisema aliona mtoto wa jirani anagonga risasi na jiwe ili aone kuna nini ndani. Jioni ileile akafunga mifuko na kamba, akafanya mpira, akaita watoto. Hakuna mtu aliyemtuma, na hakuna aliyemlipa. Sisi tuliingia nyuma sana, tangu 1988, wakati ekipe ilikuwa na mpira wa kweli wa ngozi ambao ulishonwa mara nyingi mpaka haukuwa duara tena. Mpira ule ulipiga kona wenyewe.

Kiwanja kilikuwa udongo mwekundu mtupu, na goli zilikuwa mabomba ya chuma kutoka atelye. Chokaa ya kuchora mistari hatukuwa nayo. Papa Kocha alituagiza kila mtoto aje siku ya posho na kopo moja la majivu kutoka mbabula ya mama yake. Tulisimama msitari, kila mmoja anamwaga kopo lake nyuma ya mwingine, yeye anatangulia na kamba. Majivu ya nyumba ishirini yalitosha kuzunguka kiwanja, na penalti ikapata nukta yake. Mtoto aliyekuja bila majivu hakucheza mpaka mapumziko. Tuliuliza kama mama hakupika je? Akasema basi mtoto yule akule kwetu kwanza. Ndivyo Mama Kocha alivyojikuta kila siku ya posho na sufuria la bukari na sombe la watoto wasiokuwa wake. Aliyechelewa alikuta sufuria linakwanguliwa, na Mama Kocha alikuwa na neno moja tu: "Umechelewa kula." Hakugombana. Lakini alikuwa anaficha kidogo kando.

Amri zake zilikuwa chache. Mwenye viatu avue, juu wengi hawana. Mwenye matokeo mabaya ku masomo akae kando ya msitari na buku lake, aangalie wengine wanacheza. Na mtu asitukane kwa lugha ambayo mwenzake haisikii: kama unatukana, tukana mu Kiswahili wote wasikie. Amri hii ya mwisho ilituchekesha, kumbe yeye aliisema bila kucheka.

Jioni alitusimulia. Alikuwa kijana wakati TP Englebert ya Lubumbashi, ile inayoitwa sasa TP Mazembe, ilipochukua kombe la mabingwa wa Afrika mara mbili kwa mfululizo, 1967 na 1968. Alituchorea chini na kijiti bao la Pierre Kalala, mchezaji wa Englebert, lililoishinda Ghana 1-0 kule Addis Ababa tarehe 21 mwezi wa kwanza 1968 na kuleta kombe la mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza hapa kwetu. Habari ya 1974 ndiyo alirudia zaidi. Zaire ilipiga Zambia 2-0 mu fainali iliyorudiwa kule Cairo, na Ndaye Mulamba akafunga mabao tisa mu kombe lile, hesabu ambayo mpaka leo hakuna aliyeipita. Kiisha Kombe la Dunia kule Ujerumani: Scotland 2-0, Yugoslavia 9-0, Brazil 3-0, na Mwepu Ilunga anakimbia kutoka ukuta, anapiga mpira wa adhabu ambao ulikuwa wa Wabrazil. Dunia nzima ilicheka, na watoto tunacheka. Papa Kocha alikataza. Alisema mtu anayejua mpira namna ile hawezi kusahau sheria ya mpira wa adhabu. Muulize kwanza nini kilimtisha. Miaka mingi nyuma, Mwepu mwenyewe alieleza kwamba sheria aliijua, na kwamba walikuwa wameogopeshwa na watu wa mkubwa wa inchi wasifungwe kuzidi matatu. Papa Kocha alijua hivyo namna gani, hatujui. Labda alijua watu.

Sasa tunafika pahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto ulianguka, na pamoja nao mambo mengi ya Gécamines. Mishahara ilichelewa, posho ikapungua, na mwaka 1991 ukaja uporaji. Watu wenye njaa wanatafuta mtu wa kulaumu. Wakubwa wa siasa wa jimbo wakaanza kusema kwamba wenzetu wenye asili ya Kasai wamekula kazi zetu, warudi kwao. Kwao wapi? Wengi walizaliwa hapa, na baba zao walizaliwa hapa. Likasi ilianza 1992. Kolwezi ikafuata mwezi wa tatu 1993. Familia zilitolewa mu nyumba za kamp na watu waliojua majina yao. Walikusanyika ku stesheni na mu masomo, wakingoja treni ya kuwapeleka Tenke, Kamina, mpaka Mwene-Ditu na mbele. Treni ilikuwa haiji. Walilala pale wiki na wiki, na ugonjwa ukawaingia, na wengine wakazikwa palepale bila kilio.

Mu ekipe yetu sita walikuwa wa familia zile. Namba saba alikuwa mmoja wao, mtoto wa mbio sana, na sikio lake moja lilikuwa limekatika kidogo tangu alipoangukia bomba la goli.

Mji ulikuwa na neno kwa watu wale: bilulu, maana yake wadudu. Tutasema ukweli, kwa sababu kijitabu cha mila kisichosema ukweli kina faida gani: neno lile sisi pia tuliliimba njiani. Tulikuwa na miaka kumi na mitatu, kumi na minne. Hatukumpiga mtu. Tuliimba tu, tukipita mbele ya nyumba ambazo tulikuwa tumelala ndani yake.

Papa Kocha alikwenda ku stesheni. Alikwenda na ule mpira usio duara, kila siku akitoka kazi, kwa muda wote watu walipokuwa pale. Siku ya kwanza alipita nyumba kwa nyumba akituita. "Bana, tuende. Benzenu beko pale, habana kazi ya kufanya. Tutacheza." Wazazi wetu walikataa. Baba mmoja alimwambia atauawa kwa upumbavu wake. Wawili kati yetu walimfuata siku moja, wakarudishwa njiani na vijana wenye fimbo. Wengine hatukujaribu. Mmoja wetu, golikipa, ndiye anayeshika kalamu hii, alijificha nyuma ya nyumba mpaka aliposikia filimbi ya Papa Kocha imekwisha kupita njia ya pili.

Treni zilikuja hatimaye. Ekipe haikufa, Papa Kocha alichukua watoto wengine wadogo, mistari ikachorwa tena. Lakini majivu yalikuwa yanapungua.

Mambo mengine tuyapite haraka. Mwaka 2003 Gécamines iliwaachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000, kwa jina la "kuondoka kwa hiari", na Papa Kocha alikuwa mmoja. Pesa zile zilikwisha kama za wote. Alishona mipira na viatu. Wakati huo watoto wa Kolwezi walikuwa wamepata mchezo mwingine: kuosha mawe, kubeba mifuko, kuingia mashimoni nyuma ya wachimbaji wa mikono. Mwaka 2014 mtu wa kartie ya Kasulo alichimba mu lupango lake akakuta madini ya kobalti, na kwa muda mfupi kartie nzima ikawa mashimo, mengine chini ya vitanda. Kiwanja chetu hakiko Kasulo, lakini homa ile ilienea. Papa Kocha alikaa kwenye nukta ya penalti na kiti chake, mchana na jioni, mzee wa miaka karibu sabini, akifukuza watu wenye nyundo. Alipokuwa mgonjwa wiki mbili, walichimba. Alipopona alikuta nusu ya kiwanja imekwenda. Hatukusikia akilalamika. Alihamisha goli moja, akasema tutacheza nusu-kiwanja.

Tena alikuwa mtu wa mizaha. Mwaka 1998, kule Burkina Faso mu kombe la Afrika, walisimama kimya dakika moja juu ya Ndaye Mulamba, kwamba amekufa mu mgodi wa almasi kule Angola. Kumbe Ndaye alikuwa hai, maskini, mkimbizi kule Afrika ya Kusini. Papa Kocha aliipenda sana habari hii. "Na miye," alisema, "siku moja mutasimama kimya juu yangu, na mimi niko nakula sombe yangu." Ndaye alikufa kweli tarehe 26 mwezi wa kwanza 2019. Papa Kocha alikuwa amemtangulia miezi sita.

Presha ndiyo iliyomchukua. Habari ilipotufikia tulikuwa tumetawanyika: mmoja dereva Likasi, mmoja mwalimu Fungurume, wengine hapa mjini, wawili mu makampuni, mmoja bado mashimoni. Tulikusanyika tisa. Tulichanga, tukanunua mifuko miwili ya unga, mafuta, samaki na mfuko wa makala, tukaingia mu lupango la kilio wote kwa pamoja, kama zamani tulivyoingia kiwanjani.

Kwa wasiojua: kilio chetu kina mpango. Wanawake wako ndani, chini, juu ya mikeka, na mjane kati yao. Wanaume wako nje kwa moto wa magogo. Upande wa mama una viti vyake na upande wa baba viti vyake, na ukoo wa Papa Kocha ni wa kufuata mama, kama kwa Wakaonde na wengi wa upande huu, kwa hiyo mwenye maiti alikuwa mjomba, mzee mwembamba kutoka mukini. Wakwe wanapasua kuni na wanatumwa. Wapwa wanabeba jeneza. Bajukulu, maana yake wajukuu na wale wa koo za utani, wanafanya mchezo wa kuwachekesha wafiwa. Na karibu na mlango anakaa kijana na daftari, anaandika kila anayeleta mchango. Daftari lina safu: upande wa mama, upande wa baba, wakwe, kazi, kanisa, majirani.

Kijana yule alituuliza: "Ninyi ni nani?" Tukasema sisi ni watoto wa Papa Kocha. Akatazama upande wa wana wa marehemu, akahesabu, akatuuliza tena, sasa na sauti ya chini. Akamwita mjomba. Mjomba akauliza watoto wa nani, kabila gani. Tulikuwa tisa wa kabila tano. Akafikiri, bila ubaya, mzee mwenye machovu ya njia, akasema: "Bandike mu majirani."

Tukaandikwa majirani. Tukakaa nyuma ya moto, upande ambao moshi unakwenda.

Asubuhi, mbele ya kuondoa maiti, mzungumzaji alisoma historia ya marehemu, kama desturi: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, alianza kazi mwaka gani, ugonjwa ulianza siku gani, daktari alisema nini. Mwisho alisema: "Tena alipenda michezo." Ilikuwa yote. Miaka thelathini na tisa ya majivu, maneno matatu. Tulitazamana. Tuliomba basi tubebe jeneza, hata kutoka mlangoni mpaka ku lori tu. Mjomba akasema hiyo ni kazi ya wapwa, mila haibadilishwi kwenye kilio. Na tukubali: alisema haki. Mila yake ilikuwa kamili. Ni sisi ambao hatukuwamo.

Hapo ndipo bajukulu walipoingia. Alikuwa mama mmoja mnene wa ukoo wa utani, muuza ndizi ku soko, na tangu usiku alikuwa amekwisha kuiba kuku wa kilio na kuwauzia wenyewe. Sasa alitoka mu chumba amevaa kofia ya Papa Kocha na salopeti yake, na filimbi mdomoni. Alitembea namna yake kabisa, goti moja limekauka. Watu wakaanza kucheka na machozi. Akachota majivu ya ule moto na sahani, akachora msitari kuzunguka viti vya wakubwa, akapiga filimbi. "Bavue viatu bote!" Wakubwa wakavua. Kiisha akasimama mbele ya mjomba, akatoa kipande cha kitambaa chekundu, akakiinua juu. Kadi nyekundu. Akauliza mu sauti ya marehemu: "Wee, nani aliweka ekipe yangu inje ya msitari?"

Kwenye kilio mtani hakasirikiwi. Anayekasirika analipa mara mbili. Mjomba alitazama chini, mabega yakaanza kutetemeka, tukafikiri analia; alikuwa anacheka. Akalipa faranga elfu tano. Mama yule akakataa, akasema faini ya kadi nyekundu si pesa. Mjomba akageuka, akatuita na mkono: "Batoto ba mupira, bakuye." Tukabeba kutoka mlangoni mpaka ku lori, wapwa upande mmoja, sisi upande wa pili. Na kijana wa daftari alichora safu mpya na rula, akauliza aandike nini juu yake. Mjomba akamwambia aandike hivyohivyo: batoto ba mupira.

Tunajua siku hizi makanisa mengine yanakataza michezo ya bajukulu, kwamba ni upagani na kukosa heshima. Tena kuna vilio vya kukodi sali, na muziki, na mapulo yenye picha ya marehemu yanayoshinda bei ya jeneza. Kila mtu na akili yake. Sisi tunaona kwamba pale hakukuwa na mwingine ambaye angeweza kumwambia mjomba neno lile. Padri hakuweza, wana wa marehemu hawakuweza, wala sisi.

Usiku wa pili nyuma ya maziko, kilio kilikuwa kimepungua, mtu aliingia na begi dogo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametoka Mwene-Ditu, siku nne, treni na lori. Hakusema jina. Alisema: "Miye ni namba saba." Tulimpeleka ndani. Alipiga magoti mbele ya Mama Kocha, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri. Mama akamshika kichwa, akapitisha kidole juu ya lile sikio. Akasema: "Umechelewa kula." Kiisha akaomba walete sahani.

Tulikaa naye kwenye moto mpaka usiku mkubwa. Alitusimulia stesheni. Babu yake na dada yake mdogo walibaki pale, mu udongo. Alisema Papa Kocha alikuja kila siku, na walicheza kati ya mizigo, na wazee walitoka kutazama. Tulingoja aseme lile neno, na alilisema bila kutupa jicho. "Tulikuwa kumi. Tulikuwa tunakosa tu golikipa. Kila siku Papa Kocha alisema, kesho bataleta golikipa."

Mmoja wetu akasema, sisi tulikuwa watoto. Akajibu: "Na shiye tulikuwa batoto."

Hakuna aliyeongeza kuni kwa muda mrefu.

Asubuhi Mama Kocha alileta buku la Papa Kocha, lenye jalada la ngozi ya kiatu alilolishona mwenyewe. Ndani yake yamo majina ya watoto wote tangu 1979, na namba ya jezi, na matokeo ya masomo. Waliokufa amewawekea msalaba. Walioacha, amepiga msitari. Majina sita ya mwaka 1993 hayana msalaba wala msitari. Kando ya kila moja ameandika: "Yuko safarini." Namba saba alisoma ukurasa ule amesimama. Kiisha akaomba tumpeleke kiwanjani.

Hakuna kubwa la kuona. Goli moja limebaki, mabomba yamekula kutu, na mbele yake udongo mwekundu mpaka ukingo wa mashimo. Watoto watatu walikuwa wanachagua mawe pale. Namba saba alisimama kwenye msitari wa goli akapiga hatua kwenda mbele, akihesabu, kutafuta nukta ya penalti. Hatua ya nane ilikuwa shimo. Alirudi kidogo, akageuka, akamtazama anayeandika haya. Akasema: "Ingia mu goli."

Tuliingia. Mpira hatukuwa nao. Mtoto mmoja wa mawe alitupa chupa ya plastiki. Akaipiga. Ilipita upande wa kushoto, na wale watoto wakacheka sana.

Kilio kiliondolewa mwaka 2019, kama desturi. Namba saba hakuweza kuja, treni ilikuwa imeharibika, lakini alituma mchango, na kijana wa daftari aliuandika mu safu yake. Sisi tulikwenda kila mmoja na kopo la majivu.